Uso Husingwa, Haukandwi: Mwongozo wa Kutunza Ngozi Inayozeeka

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisinga watu hapa Tanga, kwanza maharusi na wazazi waliotoka arobaini, na siku hizi zaidi akina mama wa miaka hamsini na kuendelea, ambao hufika nyumbani kwangu Ngamiani wakiwa na ombi moja. Tukishamaliza kuamkiana, mama hukaa mkekani, hufunua ushungi, huweka kidole kwenye pembe ya jicho na kuuliza: “Mwanangu, haya makunyanzi yataondoka?” Baada ya hapo maswali ni yale yale: mafuta gani yanafaa, mkono uelekee juu au chini, mara ngapi kwa wiki, ndimu inasaidia au inadhuru, na kwa nini wiki mbili zimepita pasipo tofauti yoyote. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, na leo nayajibu kwa maandishi ili hata asiyeweza kufika kwangu aweze kuanza salama.

Jibu la swali la kwanza ni hili. Makunyanzi yaliyokwisha kuchimbika hayafutwi na mkono wala na mafuta. Kinachowezekana ni kuifanya ngozi ishike unyevu ili mikunjo midogo itokanayo na ukavu ipungue, kuushusha uvimbe wa asubuhi, kulegeza misuli ya taya na ya paji la uso iliyozoea kujikaza, na kulizuia jua lisiendelee kuharibu. Ukiyashika hayo kwa miezi mitatu, kioo kitakuonyesha tofauti. Anayetaka kurudishwa alivyokuwa msichana simchukui, kwa sababu nitakula fedha yake bure.

Jambo la pili ni la neno lenyewe. Wengi husema “nikande uso”, na wengine husema “masaji”. Unga hukandwa, na mzazi hukandwa kiuno, kwa kuwa huko kuna nyama nene na mfupa mkubwa wa kubeba uzito wa kiganja. Uso husingwa: mkono huteleza juu ya mafuta, na ngozi hubaki mahali pake. Ukiona ngozi inakunjwa na kusukumwa mbele ya vidole vyako, umeacha kusinga na umeanza kukanda, na ngozi ya umri mkubwa, ambayo imepungua nyuzi za kolajeni zinazoishikilia, haina nguvu ya kurudi upesi kama zamani. Kwa wanawake upungufu huo huenda kwa kasi hedhi inapokoma. Vipimo vimeonyesha kwamba takribani asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi hupotea katika miaka 5 ya mwanzo. Nadharia ya kutosha ni hiyo.

Asiyefaa kuanza kwanza

Usisinge uso wenye chunusi zilizoiva usaha, kidonda, malengelenge, au ngozi iliyoungua. Usisinge penye mkanda wa jeshi, hata baada ya upele kukauka, mpaka maumivu yaishe. Mwenye rovu au tezi zilizovimba shingoni aiache shingo kabisa na aende hospitali kwanza. Aliyedungwa sindano za kulainisha makunyanzi, ambazo sasa zinapatikana katika miji mikubwa, amuulize aliyemdunga ni lini anaruhusiwa kushikwa uso.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aseme mapema. Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii, nilimsinga shangazi mmoja kwa mkono mzito nilioudhania kuwa ndio ufundi, na kesho yake akaamka na michubuko ya zambarau chini ya macho yote mawili. Alikuwa akimeza dawa za moyo, nami sikumuuliza. Ilichukua zaidi ya wiki mbili alama zile kufifia, na tangu siku hiyo simgusi mtu kabla ya kumuuliza dawa anazotumia.

Mahitaji

Tayarisha beseni safi, maji vuguvugu, taulo ndogo mbili laini, kioo, na mkasi wa kucha. Sabuni iwe laini ya kuogea, tena kidogo. Sabuni ya mche ni ya nguo na vyombo, na ngozi ya uso ikioshwa nayo kila siku hukakamaa na kuwasha. Tafuta chupa ndogo ya gliserini, ambayo kila duka la dawa huwa nayo kwa bei nafuu, kopo la mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi (SPF ni namba ya kipimo cha kinga ya jua, huandikwa kwenye chupa). Kama una mmea wa mshubiri (aloe vera) uani, utakufaa. Liwa, yaani mti wenye harufu nzuri unaosuguliwa juu ya jiwe, na marashi ya mawaridi ni kwa siku moja tu ya wiki, na asiyekuwa navyo hapungukiwi kitu kikubwa.

Mafuta ya kusingia yanaweza kuwa ya nazi, ya ufuta au ya zeituni. Kwa ngozi kavu mimi hupendelea ya nazi kwa sababu huteleza vizuri na hayakauki upesi, lakini mwenye ngozi inayotoa mafuta na chunusi ayaepuke, kwani huziba vinyweleo; yeye atumie ya alizeti kwa kiasi kidogo. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno yakiwa peke yake, na huvuta ngozi badala ya kuteleza.

Kwa kuwa nazi hapa Tanga hatuzikosi, ni vyema ukayatengeneza mwenyewe. Chukua nazi nne zilizokomaa, zenye maji machache ndani na nyama ngumu. Zikune kwa mbuzi, tia maji vuguvugu kidogo, ukame tui kwa kifumbu au kitambaa safi, kisha ulifunike bakulini usiku kucha. Asubuhi utakuta sehemu nzito imepanda juu. Iengue polepole na uitie kwenye sufuria yenye kitako kizito. Weka juu ya moto mdogo wa mkaa na usiondoke. Mwanzoni tui litachemka kwa kishindo na povu jeupe, kisha litakatika, mafuta yataanza kujitenga, na mashapo yatageuka rangi kutoka nyeupe kuwa ya majani makavu. Tega sikio: maji yakiwa bado yamo utasikia mlio wa kutatarika, na yakiisha mlio hupungua mpaka kukaribia kunyamaza. Hapo ndipo pa kuepua. Ukichelewa, mashapo yataungua na mafuta yatanuka moshi. Ukiwahi, maji yatabaki ndani na mafuta yatachacha katika siku chache. Yakipoa yachuje mara mbili katika kitambaa kikavu na uyatie kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Nazi nne kwa kawaida hazinipi zaidi ya kikombe kimoja cha chai, na hicho chatosha uso mmoja kwa miezi. Asubuhi za kipupwe, mwezi wa Julai kwa mfano, utayakuta yameganda. Hayajaharibika, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24.

Siku mbili kabla ya kuanza, yajaribu. Paka tone moja upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, na uliache. Fanya vivyo hivyo kwa mshubiri, liwa na losheni, kila kimoja mahali pake. Kikileta muwasho, uvimbe au vipele ndani ya saa 48, kiache, hata kama kimemfaa dada yako.

Hatua za kusinga

Wakati mzuri ni jioni, baada ya kuoga na kabla ya kulala. Kazi yote haizidi dakika 8. Anza na siku tatu kwa wiki. Ngozi ikizoea, unaweza kufanya kila jioni.

1. Kata kucha za vidole vyote, uvue pete, na unawe mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Ukucha mmoja uliobaki na ncha unatosha kuchana ngozi nyembamba ya chini ya jicho.

2. Osha uso kwa maji vuguvugu na povu la sabuni ulilolianzishia kiganjani, kwa muda usiozidi nusu dakika, kisha suuza mpaka utelezi uishe. Kama ulipaka poda, wanja au losheni ya jua, tangulia kuifuta kwa mafuta kidogo na kitambaa. Kusinga juu ya uchafu ni kuusugua uchafu ndani.

3. Gusa uso kwa taulo bila kuusugua, na uuache ukiwa na unyevu. Tia nusu kijiko cha chai cha mafuta kiganjani, paka viganja pamoja mpaka viwe na joto, kisha viweke juu ya mashavu, paji na shingo ili mafuta yaenee. Kama kidole kinakwama popote, ongeza tone. Utelezi ndio kinga yako katika hatua zote zinazofuata.

4. Anza na shingo. Laza kiganja chini ya sikio na ukiteremshe taratibu pembeni mwa shingo mpaka kwenye mtulinga, mara tano kila upande, upande mmoja baada ya mwingine. Mkono uwe mwepesi kama unampapasa paka. Usiminye koo, na kamwe usibonyeze pande mbili kwa pamoja pale unapoyasikia mapigo ya damu, kwa sababu mtu anaweza kupata kizunguzungu hata kuzimia. Hatua hii watu huiruka kwa kuwa wanataka kufika kwenye makunyanzi, lakini maji yanayovimbisha uso asubuhi hushukia shingoni, na njia ikiwa haijafunguliwa utayasukuma bure.

5. Panda kwenye taya. Shika kidevu kwa kidole cha shahada juu na cha kati chini, kisha uteleze kufuata mfupa mpaka chini ya sikio, mara nane. Ukifika kwenye pembe ya taya, pale misuli inapojitokeza unapouma meno, simama na uzungushe vidole vitatu kwa miduara midogo kwa muda wa pumzi tano. Hapa peke yake unaruhusiwa kuongeza uzito kidogo, kwa kuwa ni misuli ya kutafunia na ina nguvu. Acha mdomo wazi kidogo, meno yasigusane. Wengi hugundua hapa, kwa mara ya kwanza, kwamba wamekuwa wakiyabana meno kutwa nzima.

6. Nenda kwenye mashavu. Laza vidole vinne pembeni mwa mdomo na uviteleze kwenda juu kwa mshazari mpaka mbele ya sikio. Kisha anzia pembeni mwa pua na upite chini ya mfupa wa shavu mpaka panja. Rudia kila njia mara nane. Unaporudi mwanzo, inua mkono. Usiuburute kurudi chini.

7. Punguza mkono kwa ajili ya macho. Tumia kidole cha pete, ambacho ni dhaifu na hivyo hakina tabia ya kubonyeza. Anzia pembe ya ndani ya jicho, pita juu ya mfupa wa chini, si juu ya mboni wala juu ya ule mfuko laini, na utokee kwenye panja. Halafu pita juu ya nyusi kwa njia hiyo hiyo. Mara tano zatosha. Jipime hivi: jitazame kiooni kidole kikiwa kinapita, na ukiona ngozi inajikunja mbele yake kama shuka linalovutwa, uzito umezidi. Mafuta yasiingie machoni.

8. Maliza na paji la uso. Weka viganja viwili kimoja baada ya kingine, toka kwenye nyusi hadi mwanzo wa nywele, mara kumi, mwendo wa taratibu. Katikati ya nyusi, pale palipo na mistari ya kukunja uso, tumia vidole viwili kusogea juu na pembeni, huku ukiwa umefumba macho na kulegeza paji. Ukiendelea kukunja uso wakati wa kusinga, unashindana na nafsi yako.

9. Rudi ulikotoka: toka panja shuka mbele ya sikio, pita pembeni mwa shingo, ufike kwenye mtulinga, mara tano kila upande.

10. Chovya taulo ya pili katika maji vuguvugu, ikamue, na uilaze usoni kwa muda wa pumzi kumi. Iondoe pamoja na mafuta yaliyozidi bila kusugua. Mwenye ngozi kavu sana apake juu yake utando mwembamba wa mafuta ya mgando, hasa kuzunguka macho na mdomo, ili unyevu usitoroke usiku.

Utaratibu wa kila siku

Asubuhi usisinge kwa mafuta mengi na kutoka nje. Nawa kwa maji matupu, na uso ukiwa bado una unyevu paka gliserini iliyochanganywa na maji safi, sehemu moja ya gliserini kwa sehemu tatu za maji. Gliserini isiyochanganywa hunata na huweza kuikera ngozi. Changanya ya siku hiyo tu, kwa sababu mchanganyiko wenye maji hauna kitu cha kuuzuia usioze.

Kisha jua. Hapa ningependa unisikilize kuliko mahali pengine popote katika maandishi haya. Tanga ipo takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua hutupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Hata katika miezi mingine mchana wake ni mkali. Weusi wa ngozi ni kinga kweli, na kwa ngozi nyeusi sana hukadiriwa kuwa sawa na SPF 13 hivi, ndiyo maana makunyanzi hutuchelewa. Lakini madoa hayatuchelewi, wala ulegevu wa mashavu kwa mtu aliyeshinda miaka thelathini mnadani, shambani au ufukweni akifunga mwani. Mama anayesingwa kila jioni na kushinda juani kila mchana bila kinga anateka maji kwa pakacha.

Losheni ya SPF 30 huzuia takribani asilimia 97 ya miale inayounguza, iwapo tu imepakwa ya kutosha. Kipimo chepesi ni mistari miwili iliyojaza urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, na irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa juani au ukitoka jasho. Kule Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao kinga hii ni uhai wenyewe. Asiyemudu losheni asikate tamaa: mwavuli, kofia pana ya ukindu, kanga iliyoshushwa mpaka usawa wa nyusi, na kuepuka kutembea kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri ni kinga halisi, na bibi zetu waliijua. Kumbuka tu kwamba mchanga mkavu wa pwani hurudisha sehemu ya miale usoni hata ukiwa chini ya mwavuli.

Kaskazi linapovuma na jasho ni jingi, punguza mafuta na usinge siku tatu tu. Kipupwe kikiingia, ongeza.

Mara moja kwa wiki, sugua liwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi mpaka upate uji laini, upake uso kwa utando mwembamba, na uioshe kabla haijakauka na kupasuka, yaani dakika kama kumi. Ikiachwa ikakauka kabisa huvuta ngozi na kuiacha kavu kuliko mwanzo. Singo, ule mchanganyiko wa chembechembe wa kumsugulia bi harusi mwilini, usiipake usoni. Naipenda singo, na harusi bila singo kwangu haijakamilika, lakini chembe zake zimetengenezwa kwa ajili ya mikono, miguu na mgongo wa msichana wa miaka ishirini.

Ukitumia mshubiri, kata jani, lisimamishe kwa robo saa ili utomvu wa manjano utiririke na uishe, kwa sababu huo ndio unaowasha. Kisha menya, suuza ile nyama nyeupe na uipake. Kilichobaki kikae kwenye jokofu kwa siku mbili au tatu tu.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kosa la kwanza ni ndimu. Watu huipaka ili kufuta madoa, kisha hutoka nje. Ndani ya ndimu kuna kemikali ambazo zikikutana na jua huiunguza ngozi, na baada ya kuungua hubaki doa jeusi linaloweza kudumu kwa miezi. Magadi, chumvi, dawa ya meno na sukari ya chenga nazo hazina kazi usoni, wala mdalasini wa unga uliokorogwa na asali, ambao huchoma.

Kosa kubwa kuliko yote ni mkorogo. Mama huja na kopo lisilo na maelezo, ameambiwa ni la “kuondoa uzee”, na kwa wiki mbili hakika uso hung'aa. Ndani yake mara nyingi huwa kuna haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za jamii ya steroidi, vitu ambavyo vipodozi vyenye kuvitumia vimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu mpaka mishipa ionekane, na ngozi ya namna hiyo hata kusingwa haiwezi, kwa kuwa huchubuka kwa kugusa. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huleta weusi wa kijivu kwenye mashavu, ambao ni mgumu mno kuondoka. Kama umekuwa ukitumia mkorogo, usianze kusinga; nenda kwa daktari wa ngozi na uchukue kopo lenyewe, kwani kuacha ghafla dawa za steroidi kunaweza kuulipua uso kwa vipele na moto. Nasema haya bila kumlaumu mtu. Wengi waliuziwa na watu waliowaamini.

Kosa la mwisho ni haraka. Anayesinga saa nzima ili kufidia wiki aliyoruka huamka na uso uliovimba.

Mambo yakienda kombo

Ukitokwa na vipele vidogo siku chache baada ya kuanza, acha mafuta kwa wiki moja, nawa kwa maji na sabuni laini tu, kisha anza upya kwa mafuta mepesi na uhakikishe unayafuta mwishoni. Vikirudi, ngozi yako imekataa mafuta. Singa kwa gliserini iliyochanganywa na maji.

Uso ukibaki na joto au wekundu kwa zaidi ya nusu saa, uzito wa mkono umezidi. Pumzika siku tatu na urudie hatua ya saba mbele ya kioo mpaka ujue kidole chepesi kikoje.

Macho yakiendelea kuvimba kila asubuhi ingawa unasinga, angalia chumvi ya chakula cha usiku na uinue mto kidogo. Uvimbe ukiwa pia miguuni, hilo si la msingaji. Pima figo na shinikizo la damu.

Mafuta yakinuka uchachu au yakionekana na matone ya maji chini ya chupa, yamwage. Usiyachemshe upya ukayarudisha usoni.

Kama wiki sita zimepita na huoni kitu, jiulize kwanza kuhusu jua na kuhusu sigara, kisha piga picha ya uso wako mahali pamoja, kwa mwanga uleule wa asubuhi, na uilinganishe baada ya mwezi. Macho husahau uso unaotazamwa kila siku. Wapo wanaouliza kama waongeze mazoezi ya uso. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake wa miaka 40 hadi 65 waliofanya mazoezi hayo kwa dakika 30 kila siku kwa wiki 8, kisha siku moja baada ya nyingine mpaka wiki ya 20. Madaktari waliotazama picha walikadiria umri wao kushuka kutoka karibu 51 hadi 48, na mashavu ndiyo yaliyojaa zaidi. Waliomaliza walikuwa 16 tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mimi huyachukua kama dalili njema na siahidi mtu miaka mitatu. Ukitaka kujaribu, tabasamu kwa mdomo uliofumbwa huku ukiyainua mashavu, shikilia kwa sekunde chache, legeza, na urudie mara kumi baada ya hatua ya sita.

Doa jipya linalobadilika umbo au rangi, au kidonda cha usoni ambacho hakijapona kwa wiki nne, usikipake liwa, usikisinge na usisubiri kipone chenyewe. Kionyeshe hospitali wiki hiyo hiyo.